Chupa Sita za Shiraz na Gereji Moja

Tarehe 24 Januari 2019 joto la Adelaide lilifika nyuzi 46.6. Hakuna mji mkuu wa jimbo lolote la Australia uliokuwa umewahi kuona joto kama hilo tangu watu waanze kuandika rekodi. Mchana ule nilikuwa nimelala kifua wazi juu ya vigae vya sebuleni, watoto wamefunikwa taulo zilizoloweshwa maji, feni inazungusha hewa ya moto tu. Ndipo nikaikumbuka chupa yangu ya shiraz, mvinyo mwekundu.

Ilikuwa gerejini. Tulikuwa tumehama nyumba wiki tano nyuma, na kama mjuavyo kuhama, kila boksi lisilojulikana liende wapi linakwenda gereji "kwa muda". Gereji yenyewe paa la bati, mlango wa bati, uso wake magharibi. Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Bati la saa nane mchana nalijua tangu sijaanza shule. Nilitoka mbio pekupeku, lami ikanichoma nyayo, nikafungua mlango na joto likanipiga usoni kama nimefunua sufuria la makande.

Kizibo kilikuwa kimejisukuma nje kama milimita tatu. Ubavuni mwa chupa palikuwa na mchirizi mwekundu unaonata. Chupa hiyo nilikuwa nimeilaza miaka karibu saba nikisubiri "wakati wake ufike".

Ngoja nirudi mwanzo. Baba yangu ni mkulima wa zabibu. Nyumbani mzabibu hauna majira ya baridi ya kulala, kwa hiyo unapogoa, unavuna, unapogoa tena, unavuna tena, mara mbili kwa mwaka. Nilipofika Australia Kusini mwaka 2011 nikitafuta kibarua, nikaambiwa Bonde la Barossa, kama kilomita sabini kutoka Adelaide, wanataka watu wa kupogoa. Nikacheka peke yangu. Nimevuka bahari nzima kuja kushika mkasi uleule.

Msimamizi wetu alikuwa mzee wa ukoo wa Wajerumani waliohamia bonde lile katika miaka ya 1840 kwa sababu za dini. Alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama wenzangu. Mdomo ukakataa. Mtu ana umri wa babu yangu, nimwite jina tupu? Nikawa namwita Mzee, na alipojua maana yake akalipenda hilo jina hadi mkewe akaanza kulitumia. Shambani kwao kuna mashina mazito kama paja la mtu mzima, yaliyopandwa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na bonde lile lina mengine ya miaka ya 1840 ambayo bado yanazaa. Huko Ulaya mdudu filoksera aliila mizizi ya mashamba karibu yote, lakini Australia Kusini hakuwahi kuingia. Ndiyo maana tulilazimishwa kuosha buti kwa dawa kabla ya kukanyaga safu, na ndiyo maana Mzee aligomba kuliko kawaida mtu akisahau.

Mwaka 2012, baada ya mavuno, nilitaka kununua chupa moja nzuri ya kumbukumbu. Shiraz ya Barossa, mavuno ya 2010, mwaka ambao kila mtu bondeni aliusifia, hasa baada ya mvua na ukungu wa 2011 kuwaharibia. Mzee akaniuliza nitaifungua lini. Nikasema, ikishakuwa tayari. Akauliza, utajuaje? Nikanyamaza.

"Moja haikufundishi kitu," akasema. "Nunua sita. Nne peleka kwako. Mbili niachie mimi."

Sita zilikuwa karibu mshahara wa wiki. Mke wangu, tulikuwa hatujafunga ndoa bado, hakuongea nami vizuri siku mbili.

Ya kwanza tuliifungua wikiendi hiyohiyo. Rangi yake ilikuwa zambarau kabisa, ile ya ulimi wa mtoto aliyeshinda juu ya mti wa mzambarau. Harufu ya zambarau zilizoiva sana, pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi, na kwa mbali mkaratusi, maana shamba limepakana na mikaratusi na majani yake huacha mafuta kwenye zabibu. (Wengi kwetu wanadhani mkaratusi ni mti wa Afrika. Ni wa huku.) Lakini mdomoni! Ukakasi wa bibo. Ufizi ulikauka, ulimi ukawa kama umepakwa chaki. Nikamwambia mke wangu tumeibiwa.

Tulinywa nusu tukaiacha nusu mezani na kizibo chake. Kesho yake jioni nikaonja kwa ajili ya kutotupa hela, nikakuta ukakasi umelegea na tunda limejitokeza. Nilipomsimulia Mzee alifurahi kama mwalimu ambaye mwanafunzi mzito ameelewa hesabu. Hicho, akasema, ndicho kipimo cha bure kuliko vyote. Mvinyo ukifunguliwa leo na kesho ukawa mzuri zaidi, una miaka mbele yake. Kesho ukiwa umelegea na kupoteza harufu, basi kunywa zilizobaki mapema. Tangu siku ile sijanunua boksi bila kufanya jaribio hilo, na limenisaidia kuliko namba za wajuzi wanaoupa mvinyo alama.

Ule ukakasi ni tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu, na nyingine kwenye mbao za pipa. Zinashikana na mate yako, ndiyo maana mdomo unakauka. Ndani ya chupa, miaka ikienda, zinaungana zenyewe kwa zenyewe na kuungana na rangi, zinakuwa kubwa, laini mdomoni, nyingine zinazama chini na kuwa mashapo. Rangi inatoka zambarau kwenda nyekundu, kisha kwenye tofali. Tunda nalo linapungua. Mahali pake panakuja ngozi, tumbaku, uyoga, udongo ulionyeshewa. Nilichokuwa sijaelewa, na ambacho wauzaji hawakisemi, ni kwamba huko ni kubadilishana. Kila mwaka unapewa kitu na kunyang'anywa kingine. Usipopenda harufu ya ngozi na uyoga, hakuna sababu ya kungoja, hata kama lebo imeandikwa "hadi 2035".

Kuna na visivyobadilika. Pombe haipungui. Mvinyo unaokuchoma koo leo kwa pombe utakuchoma na ukiwa na mvi. Kwa hiyo ninapoonja mvinyo mchanga siulizi kama ni mkali, kwa sababu wote ni wakali. Nauliza kama ukali umelingana: tunda la kutosha, tanini za kutosha, uchachu wa kuusimamisha, na hakuna kimoja kinachopiga kelele peke yake. Mvinyo uliokosa mizani haukui ukaacha.

Ya pili tuliifungua 2015, ndoa yetu ikiwa na mwaka mmoja. Nilitegemea makubwa. Haikuwa na kitu. Pilipili manga imeondoka, zambarau zimejificha, uzee haujafika. Kama kijana wa miaka kumi na nne, huwezi kucheza naye kama mtoto wala kuongea naye kama mtu mzima. Huku wanasema mvinyo "umejifunga", na unatokea kwa mvinyo mwingi mzito kati ya miaka michache ya mwanzo na ule uzee mzuri. Mimi nilikuwa sijui, nikajilaumu kwamba nimechelewa. Kumbe nilikuwa nimewahi, au tuseme nimepita katikati.

Ya tatu, 2017, inaniuma hadi leo. Tulikuwa na mgeni, rafiki yangu wa Bujumbura tunayesali naye. Nilihubiri mvinyo ule chakula kizima. Nikafungua, nikanusa, ikanijia harufu ya maboksi yaliyonyeshewa na kukaushiwa ndani ya chumba. Kizibo kilikuwa na TCA, kemikali inayotokana na ukungu kwenye gome la mti wa kizibo. Kiasi kidogo mno kinatosha kuua chupa nzima, na haihusiani na ulivyoitunza; ilikuwa imeshakufa siku ninainunua. Rafiki yangu alinusa kwa adabu, akaonja kwa adabu.

"Kaka, hii ndiyo uliyoingoja miaka yote hiyo?"

Halafu akaenda mwenyewe kwenye friji akachukua bia.

Kwa balaa hilo ndiyo watengenezaji wa riesling, mvinyo mweupe, wa Bonde la Clare hukuhuku Australia Kusini walikubaliana mwaka 2000 kutumia vifuniko vya kuzungusha, na sasa shiraz nyingi za Australia zimefuata. Kuna watu wanaona vifuniko hivyo ni vya mvinyo wa bei chee. Mimi boksi langu la sasa lote ni la kuzungusha na sijutii. Mvinyo unazeeka humo pia, taratibu zaidi, na chupa zote sita zinafanana. Kwa kizibo cha gome, ukishapita miaka kumi, kila chupa ina tabia yake.

Basi ikabaki moja kwangu, na mbili kwa Mzee. Ile yangu ndiyo iliyokutwa na gereji.

Baada ya ile Januari niliifuta, nikaiingiza ndani, nikainyamazia mwaka mzima na nusu kwa aibu. Julai 2020, katikati ya baridi, Mzee akanipigia: leta chupa yako, na mimi natoa moja ya zako.

Stoo yake iko chini ya jiko, kuta za mawe, unashuka ngazi saba ukiinamisha kichwa. Ukutani amening'iniza kipimajoto cha kienyeji na kipande cha ubao anachoandika kwa chaki kila mwanzo wa mwezi. Nilisoma: Januari, 17. Julai, 14. Ilikuwa hivyohivyo mwaka baada ya mwaka. Wataalamu wanataka nyuzi 12 hadi 15, unyevu kiasi ili kizibo kisikauke, giza, na utulivu. Wakati wa kiangazi stoo ya Mzee ilipita kumi na tano na hakujali. Kinachoua zaidi, alisema, ni kupanda na kushuka. Joto likipanda mvinyo unavimba na kusukuma kizibo, likishuka unanywea na kuvuta hewa ndani.

Chupa zote mbili alizisimamisha tangu jana yake ili mashapo yashuke. Alizimimina polepole, tochi ya simu yangu imemulika shingo ya chupa kwa nyuma, mpaka ule uzi mweusi wa mashapo ulipokaribia mdomo, akaacha. Kisha akaweka glasi mbili kwenye karatasi nyeupe.

Zilikuwa pacha. Shamba moja, siku moja ya mavuno, pipa moja, boksi moja. Yangu ilikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokaa, ukingo wake kahawia kama kutu. Ilinuka jamu iliyoungua chini ya sufuria, zabibu kavu, na kitu kama sosi ya soya. Ukiimeza inakatika, hakuna kinachobaki. Yake ilikuwa bado nyekundu, imeanza tu kuingia utofali pembeni. Zambarau zilikuwepo, sasa zimekaushwa. Pilipili manga imerudi, sijui ilikuwa wapi 2015. Tanini zimekuwa kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Nilikaa nayo kinywani muda mrefu, nadhani hata macho nilifumba.

"Hii ina miaka kumi," Mzee akasema akigusa glasi yake. Akagusa yangu. "Hii ina ishirini na tano."

Kwa hiyo mtu akiniuliza shiraz nzuri ilazwe miaka mingapi, namuuliza kwanza analala nyumba gani. Mvinyo unahesabu umri wake kwa joto, kalenda ni yetu sisi. Chupa iliyoandikwa miaka kumi na tano, ukiiweka juu ya friji jikoni, pale ambapo watu wengi huweka maana ndipo panaonekana pazuri, ipe miaka miwili na uombe Mungu. Nyumba ya kawaida ya Adelaide isiyo na stoo ya chini, mimi sivuki miaka mitatu au minne, na hata hiyo ni kwa chumba cha kusini. Hilo la kusini lilinichukua muda. Upande huu wa dunia jua la mchana linapita kaskazini, kwa hiyo chumba cha baridi ni cha kusini. Dodoma jua liko utosini, hujiulizi maswali hayo. Baadaye nilinunua friji ya mvinyo ya mtumba, inanguruma kama trekta usiku, lakini inashika 14.

Nilipoteza chupa moja na heshima kidogo. Kuna waliopoteza zaidi kwa kufungua mapema. Hapahapa Adelaide, kitongoji cha Magill, Max Schubert, mtengeneza mvinyo wa kampuni ya Penfolds, alirudi kutoka Bordeaux, Ufaransa, akaanza mwaka 1951 kutengeneza shiraz ya kukaa miaka mingi, Grange. Wakubwa na wajuzi walipoionja ikiwa bado mbichi walimcheka, na mwaka 1957 akaamriwa aache. Akaendelea kwa siri, mavuno matatu, akificha chini kwenye mahandaki ya kiwanda. Zile za mwanzo zilipofikisha umri wakaonja tena, na mwaka 1960 akaambiwa aendelee. Mvinyo ulikuwa uleule. Nikipita Magill na basi langu la kwenda kazini huwa namkumbuka, hasa siku ambazo bosi wangu naye hajaelewa kitu.

Sasa nina boksi la 2021, mwaka mwingine mzuri bondeni. Nilionja moja mara tu ilipotoka, nikaiacha nusu hadi kesho, nusu ile ikawa tamu kuliko ya jana. Juu ya boksi nimeandika kwa penseli: 2026, 2028, 2028, 2031, na ya mwisho nimeweka alama ya kuuliza.  Penseli ni makusudi.

Imebaki kusimulia ya sita ya lile boksi la kwanza, ile ya pili iliyokuwa kwa Mzee. Desemba 2024 niliibeba kwenda kwa Baba. Niliiviringisha kwenye kanga ya mke wangu, katikati ya sanduku, nikasali hadi Dar es Salaam, na kutoka Dar tukapanda ile treni mpya ya umeme hadi Dodoma. Mvinyo wa zamani ukitikiswa unakuwa tope, kwa hiyo sikuufungua siku ya kufika. Niliusimamisha siku nne kwenye pembe ya chumba cha Baba, sakafuni, ndani ya ndoo, nimeuzungushia gunia nililolilowesha asubuhi na jioni. Kila aliyeingia kumsalimia Baba aliuliza kuna mgonjwa gani kwenye ndoo.

Baba ana miaka sabini na tisa. Aliishika glasi kwenye mwanga wa mlango kama anavyoshika tawi kutazama ugonjwa wa majani. Akanusa. Akauliza una miaka mingapi. Nikamwambia kumi na nne.

"Sisi kreti zikikaa siku tatu barabarani bila mnunuzi hatulali," akasema. "Nyie mnakalisha miaka kumi na nne, tena kwa raha."

Akanywa. Mimi nilishaonja, na moyoni nilikuwa nimeamua kwamba ule wa Julai 2020 ulikuwa bora; huu ulikuwa na ngozi na tumbaku nyingi, zambarau zimebaki jina. Mke wangu alisema ndio mzuri kuliko yote sita, na bado tunabishana. Baba alikaa kimya, akaramba midomo, akanyoosha glasi aongezewe.

"Huu umestaafu," akasema. "Lakini pensheni yake nzuri."

Tulicheka mpaka shangazi akaja kutoka uani. Tulipoagana stendi alinishika mkono, akaniambia nikija tena nimletee ambao bado uko kazini.

Niliporudi Adelaide nilifungua ile friji ya mvinyo nikalitoa lile boksi la 2021. Nikafuta ile 2031 kwa ufutio wa mtoto, nikaandika 2026, na pembeni yake: Baba.